Somo la Jasho na Ardhi

Siku nilipokabidhi funguo za stoo ya vitabu, binti aliyepewa nafasi yangu aliniuliza ni somo gani lililonishinda katika miaka yangu yote ya kufundisha watu wazima. Nadhani aliuliza kwa adabu tu, ili tusisimame kimya mlangoni huku mlinzi akitutazama. Mimi nililichukua swali lile nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo na kuamka nalo, kama ilivyo desturi yangu. Nikaona nimjibu kwa maandishi, na wenzake wa ofisini wakitaka wasome.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo katika faili langu, na mara ya mwisho nilipoliona faili hilo mchwa walikuwa wamefika ukurasa wa nne.

Nilifika Kwale mwaka uliofuata Uhuru, na shahada ya falsafa ndani ya bahasha ngumu ambayo mama yangu aliifunga kwa kipande cha leso. Nilikuwa mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilikulia ghorofani, na ardhi kwangu ilikuwa kitu kilichofunikwa na mawe ya njia. Idara mpya ilitaka vijana waliosoma wakawafundishe wananchi kusoma, kuandika, na "maana ya kujitawala". Kusoma na kuandika kulikuwa na vitabu vyake. Maana ya kujitawala haikuwa na kitabu. Mkubwa wangu wa kazi, bwana mmoja wa bara mwenye haraka nyingi, alinipa ubao wa kukunja, makopo mawili ya chaki, baiskeli, na sanduku la mbao la kutilia vitabu.

"Wewe umesoma mambo ya watu na serikali," akaniambia. "Wape hayo."

"Nianze na lipi, Bwana?"

"Lolote. Ilimradi wasilale."

Nilipewa nyumba ya vyumba viwili pale mlimani. Asubuhi ukungu ulikuwa ukiingia dirishani, ukakaa chumbani kama mgeni asiyejua wakati wa kuaga. Nilikuwa na vitabu vyangu, meza moja, na viti viwili, na kile cha pili nilikitundikia shati. Niliwaandikia barua wale niliosoma nao. Mmoja alikuwa wizarani, mwingine ng'ambo, na majibu yao yalikuwa yakifika yamefupika kila mara. Kwenye hoteli ya karibu na soko, mwenyewe alikwisha kujua nikulacho, akawa akiniletea kabla sijafungua kinywa. Lilikuwa jambo la ukarimu, lakini lilinipunguzia hata yale maneno machache. Zilipita siku ambazo neno langu la kwanza kwa sauti nililisema darasani, saa kumi alasiri.

Darasa lenyewe lilikuwa katika kijiji kilicho nje kidogo ya Msambweni. Kila Jumatatu nilikuwa nikishuka hadi Kombani, nikapanda basi la kusini, baiskeli imefungwa juu ya paa, na Alhamisi nikarudi. Siku za katikati nililala katika chumba cha shule cha kuwekea majembe. Wanafunzi walikuwa watu wazima kumi na mmoja, wanaume saba na wanawake wanne, na viti vilikuwa vya watoto wa darasa la kwanza, hata magoti yao yakafika vifuani. Ninyi mliokuta viti vya saizi yenu, mshukuruni aliyeandika barua za kuviomba. Niliandika tisa.

Karibu na mlango aliketi Maalim Juma, mwenye chuo cha Kurani hapo kijijini, mtu wa umri wa baba yangu. Wazee walikuwa wamemteua awe msaidizi wangu, na mimi nilidhani wamemteua awe mpelelezi. Kusoma alijua toka zamani, ingawa kwa herufi nyingine. Alikuja kusikiliza.

Somo la kwanza la uraia nililifanyia mazoezi mara sita mbele ya ukuta. Nilikuwa nimemchagua Mwingereza mmoja wa zama za kale, wakati nchi yao ilipokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Alifundisha kwamba binadamu wakiachwa bila mtawala, kila mmoja huwa adui wa mwenzake, na kwamba ni afadhali wote wajisalimishe kwa mwenye nguvu mmoja awatie hofu, wapate kulala. Sikufika mbali. Maalim aliinua kidole.

"Nani amesema?"

Nikamtajia jina. Akalirudia kwa matamshi yake mwenyewe. "Mzungu?"

"Mzungu, Maalim."

"Yu hai?"

"Amekufa zamani sana."

"Mzungu, amekufa," Maalim akawatangazia wenzake. "Haya, endelea."

Nikaendelea, masikio yakinichoma. Nilipomaliza, mkulima mmoja aliyeketi mbele, mtu mrefu aitwaye Nassoro, akauliza kama huyo bwana alikuwa na majirani.

"Nadhani alikuwa nao," nikasema.

"Basi alikuwa akiwasema majirani zake. Sisi kabla ya kuletewa chifu tulikuwa tukigombana, kweli. Lakini si kila siku. Siku nyingine tulikuwa tukilima."

"Wewe Nassoro siku za kulima zilikuwa chache," akasema Bi Mwanakombo kutoka upande wa wanawake, na darasa zima likacheka.

Alikuwa na haki ya kumtania. Bi Mwanakombo alikuwa mjane mwenye shamba, na Nassoro alikuwa akiishi katika shamba hilo tangu mume wa bibi huyo alipokuwa hai. Hakulipa kitu. Alipewa mahali pa kujenga na mahali pa kupanda muhogo, naye akawa mtu wa kumtazamia mambo yake, wa kuezeka makuti na kumwita mganga wa ng'ombe. Walikuwa wakitaniana kama ndugu.

Nassoro ndiye mtu pekee wilaya nzima aliyeniuliza swali la pili. Wengine walikuwa wakiuliza, nikajibu, wakatosheka, au wakanihurumia. Yeye alilichukua jibu akaligeuzageuza. Baada ya darasa alikuwa akinisukumia baiskeli hadi njia kuu, nilikokwenda kula, nami nikitembea kando na sanduku langu, na ule mwendo wa nusu saa ndio uliokuwa mazungumzo yangu ya wiki. Nilipofundisha habari za yule Mfaransa aliyejifungia chumbani karibu na moto akashuku kila kitu, hata kuwapo kwa mikono yake, Nassoro aliisukuma baiskeli mpaka tulipofika kwenye mikanju, ile mikorosho ya kando ya njia.

"Mwalimu, huyo bwana akiwa ndani anashuku, chakula alipikiwa na nani?"

"Labda mtumishi."

"Na huyo mtumishi alimshuku?"

Swali hilo nilikwenda nalo Kwale, nikalitazama mpaka Jumatatu.

Habari za Mungu niliziogopa kuliko zote. Kulikuwa na yule msaga vioo vya miwani wa Uholanzi, aliyetengwa na watu wa dini yake kwa kusema kwamba Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Niliandika maelezo, nikayachana, nikayaandika tena. Nilidhani nitafukuzwa kijijini. Nikayasema macho yangu yakiwa juu ya chaki.

"Nani amesema?" akauliza Maalim. Nikataja. "Amekufa?" Amekufa. Maalim akafikiri kidogo. "Hata kwetu wamepata kutokea waliosema maneno yanayofanana na hayo. Wengine waliuawa. Huyu walimfanya nini?"

"Walimtenga. Hakuna aliyeruhusiwa kula naye wala kukaa naye chini ya dari moja."

"Miaka mingapi?"

"Mpaka alipokufa."

"Maskini," akasema Bi Mwanakombo. "Alikuwa na mke?"

"Hakuoa."

Wanawake walitazamana, kisha wakanitazama mimi, na mmoja akaniuliza kama mama yangu yu mzima. Nikajua yaliyokuwa mioyoni mwao, maana nami sikuwa nimeoa.

Kule kuulizwa "nani amesema" kila mara kulinichosha. Nilimwona Maalim ananipotezea wakati. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu ambako tulifundishwa kupima hoja yenyewe, anayeisema awe yeyote.

Sasa nifike kwenye somo lenyewe. Wiki hiyo Maalim hakuwapo. Ndugu yake alikuwa amefariki, akaenda matangani, akakaa wiki tatu. Basi la kusini nalo lilikuwa limeharibika. Nikiwa pale Kombani na sanduku langu, wapima ardhi wawili wa Serikali waliokuwa wakienda kupima kiwanja kule kusini walinichukua katika Landrova yao. Walinifikisha hadi mlangoni mwa shule, wakashuka kunyoosha miguu, wakaegemea gari, minyororo yao ya kupimia ikiwa wazi nyuma. Wanafunzi waliyaona hayo yote kupitia dirishani. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nikirudia sentensi kichwani.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mwingereza wa pili, aliyekuja baada ya yule wa hofu. Huyu alisema serikali ni amana iliyowekwa na watu, na wakikhiniwa wana haki ya kuiondoa. Pia alisema kwamba mali hutokana na kazi: mtu akiitia ardhi iliyo wazi jasho lake, ardhi ile huwa yake. Nilitaka wajifunze kuandika kwa kutumia sentensi hiyo. Wafundishaji wa watu wazima mtanielewa: herufi lazima ziwe kubwa kama kiganja, na ubao wa kukunja hauchukui zaidi ya mistari miwili. Nilikuwa nimetayarisha, "Mwanafalsafa mmoja alisema kwamba," na kadhalika. Haikuenea. Nikaufuta mwanzo. "Iliyo wazi" nayo haikuenea, nikaifuta. Ikabaki hivi:

Mtu akichanganya jasho lake na ardhi, ardhi ile ni mali yake.

Waliinakili kimya. Hawakuwa wamepata kunyamaza namna ile. Nikafurahi, nikidhani ni umakini. Nilipita kitini hadi kitini na kalamu yangu nyekundu, nikasahihisha herufi, na waliopatia niliwatilia alama ya vema. Nassoro alipata vema. Bi Mwanakombo alipata vema. Baada ya darasa wapima ardhi walikuwa wangali wakiningoja wanifikishe mahali nilipotaka kununua mafuta ya taa, kwa hiyo Nassoro hakunisukumia baiskeli, na hakuuliza swali.

Kuna jambo ambalo kila mtoto wa Kwale analijua na mimi wa ghorofani sikulijua. Ukikaa katika shamba la mtu kwa idhini yake, unaweza kupanda muhogo, mahindi, kunde, kila king'olewacho baada ya msimu. Mti wa kudumu hupandi. Mnazi ukishasimama unakuwa wa aliyeupanda, yeye na watoto wake, hata kama ardhi chini yake ni ya mwingine, na aliye na minazi hafukuziki kwa urahisi. Kupanda mnazi katika shamba la mtu bila kumwuliza ni kumwambia kwamba umehamia kwake moja kwa moja.

Siku nne baada ya somo langu, Nassoro alipanda mistari miwili ya miche ya minazi katikati ya muhogo wake. Alipanda asubuhi, waziwazi, akimwamkia kila aliyepita. Bi Mwanakombo alitoka, akaitazama ile miche, akarudi ndani. Alivaa buibui akaenda kwa chifu kuuliza kama ni kweli Serikali imempoka shamba lake.

Mkubwa wangu aliniita Kwale. Hakunikaribisha niketi.

"Umewaambia watu kwamba ardhi ni yao?"

Nilianza kumweleza tofauti iliyopo kati ya ardhi iliyo wazi na ardhi yenye mwenyewe katika mawazo ya yule Mwingereza. Akanikatiza kwa mkono.

"Utakwenda kwenye baraza la chifu. Utasema huyo mzee hakuelewa. Hajui kusoma."

"Anajua, Bwana. Nimemfundisha mimi."

"Basi sema hajui vizuri."

Nilikuwa na siku nne za kufikiri, na kwangu mimi siku nne ni nyingi kupita kiasi. Nilikaa mezani nikawaita wote wale niliowasoma. Yule wa hofu aliniambia nitunze amani, mamlaka yasichezewe. Yule wa amana aliniambia nimeaminiwa na watu nisiwakhini. Yule wa kushuku aliniuliza kama nina hakika nilifundisha somo lile. Kila mmoja alikuwa na hoja nzuri. Mtu mmoja wa kuniambia "sema kweli, kijana" angalitosha, lakini nyumba ilikuwa na mimi peke yangu na shati langu kwenye kiti.

Baraza lilikaa barazani kwa chifu, saa nne ya asubuhi, watu wamejaa viambazani. Nilimwamkia Nassoro, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, Mwalimu," kwa furaha, maana alidhani nimekuja kumshuhudilia. Chifu akaniuliza nilifundisha nini.

"Nilifundisha historia ya fikra," nikasema. "Bwana Nassoro hakuelewa."

Nassoro hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenziwe amalize mzaha. Kisha akatoa daftari lake mfukoni mwa kanzu, akalifungua, akaweka kidole chini ya mstari. Akasoma. Alisoma polepole, silabi baada ya silabi, mbele ya watu wote wa kijiji chake, na hapo kabla hajapata kusoma mbele ya mtu nje ya darasa letu. Nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Kumbe anasoma kweli."

Alipofika mwisho akamgeuzia chifu ukurasa. "Na hapa Mwalimu mwenyewe amethibitisha. Kwa wino mwekundu."

Chifu aliitazama ile alama. "Mwalimu, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Maana yake nini?"

Mtu asiyefikiri sana angalisema kweli au angalisema uongo. Mimi nilipata njia ya tatu.

"Ni ya mwandiko, Chifu. Nilisahihisha herufi. Maneno sikuyatilia alama."

Hakuna neno hata moja katika hayo lililokuwa la uongo. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele. "Nassoro, umepata shamba la mwandiko," mtu mmoja akasema, na hata askari wa chifu akacheka. Nassoro alilifunga daftari. Alilifunga kwa uangalifu, akanyoosha pembe za karatasi.

"Siku zote mimi huuliza," akaniambia, si kwa sauti kubwa. "Siku ile niliona gari la Serikali, nikaona haya."

Akaketi. Chifu akaamua miche ing'olewe, na kama Nassoro atakaa au ataondoka ni hiari ya mwenye shamba. Bi Mwanakombo akasema ang'oe tu, akae kama alivyokuwa akikaa. Lakini Nassoro aling'oa miche yote siku ileile, akaipanga mlangoni pa bibi huyo, mizizi imefungwa kwa majani mabichi isikauke, na siku ya tatu akaondoka na mkewe kwenda Jego, kwao mke. Muhogo aliuacha ardhini.

Nilirudi darasani nikakuta watu kumi. Waliniamkia vizuri. Walinakili nilichoandika. Hakuna aliyecheka wala aliyepinga, na baada ya darasa niliisukuma baiskeli yangu mwenyewe hadi njia kuu. Bi Mwanakombo alikuwa wa mwisho kutoka siku ya kwanza.

"Hata daftari langu lina ile alama," akaniambia. "Wiki nzima nilikuwa nikiitazama. Nikasema, basi, Mwalimu amenipa vema kwa kunyang'anywa."

"Nisamehe, Bi Mwanakombo."

"Mimi sina neno nawe. Mimi nimepata shamba langu. Sina mtu wa kuzungumza naye tu."

Maalim Juma aliporudi kutoka matangani alikuwa amekwisha kusikia yote njiani. Alinikuta katika chumba cha majembe. Aliketi juu ya sanduku langu la vitabu, jambo ambalo sikumruhusu mtu yeyote.

"Athumani, mwanangu. Ulipokuwa mdogo ulipata kukaa darsani?"

"Nilikaa, Maalim. Babu yangu alinipeleka."

"Sheikh alikuwa akianzaje?"

"'Amesema mtungaji, Mungu amrehemu.'"

"Na akimalizaje?"

"'Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.'"

"Ukadhani ni adabu tu. Sikiza. Yule amesema, mimi nasoma, wewe unasikia. Kila mtu yuko mahali pake. Ukimwondoa aliyesema, maneno yanakuwa yako. Na wewe ulishuka kutoka gari la nani?"

"La Serikali, Maalim."

"Barazani ulisema uongo?"

"Sikusema uongo, Maalim."

"Najua. Ulisema kweli ndogo, ukaificha kubwa nyuma yake. Ingekuwa uongo ungetubu haraka." Akasimama, akapangusa kanzu. "Katubie palepale uliposemea. Si kwangu."

Vijana wangu, hili ndilo la kikazi katika habari hii, na nimelifuata mpaka siku ya mwisho. Andikeni jina la aliyesema kwanza, hata kama ubao utajaa jina tupu na maneno yakangoja kesho. Mwambieni mwanafunzi kama mtu huyo yu hai au amekufa, na kama ni Serikali au si Serikali. Watawacheka. Mimi wakaguzi walinicheka, mmoja aliandika katika ripoti kwamba ninafundisha kama imamu. Nililiona hilo kuwa sifa, ingawa nililifikiria miezi miwili kabla ya kuamua.

Baraza lililofuata nilikwenda bila kuitwa. Chifu alipomaliza mambo yake nikaomba ruhusa. "Kesi ile imekwisha," akasema. Nikasema najua. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tatu; niliiacha mfukoni.

"Bwana Nassoro alinielewa sawasawa," nikasema. "Niliyeandika vibaya ni mimi. Maneno yale ni ya Mwingereza mmoja aliyekufa zamani, nikaliondoa jina lake kwa sababu ubao ulikuwa mdogo. Serikali haikusema. Na nilipoulizwa hapa, nilijificha nyuma ya alama."

Mzee mmoja akauliza, "Ubao mdogo?"

"Mdogo."

"Watu wamehama, kwa ubao mdogo," akasema mzee, na safari hii hapakuwa na wa kucheka.

Bi Mwanakombo alisema kutoka upande wa wanawake, "Basi arudi. Na miche yake aje apande. Nimeimwagilia." Kumbe alikuwa ameifukia mizizi kivulini nyuma ya nyumba, na kuinywesha kila siku.

Barua niliyoletewa kutoka kwa mkubwa wangu baada ya hapo ilikuwa fupi, na sitaieleza. Jumamosi nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua nazi upande wa Vanga, likaniteremsha njia panda, nikatembea hadi Jego. Nilimkuta Nassoro akisafisha pori nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Alinikaribisha kwa heshima zote. Mkewe alileta muhogo wa kuchemsha na chai, akaniuliza hali ya Bi Mwanakombo, nikamwambia habari ya miche.

Nassoro alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umesema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Walikuwapo nani?"

Nikamtajia, mmoja mmoja, kadiri nilivyokumbuka. Alikuwa akiitikia kila jina kwa kichwa. Nilipomtaja yule aliyemtania kuhusu shamba la mwandiko, aliniomba nirudie kama kweli alikuwapo. Nikarudia.

"Hilo limetosha," akasema. "Nashukuru."

"Basi utarudi?"

"Hapana."

"Hapa umepewa shamba?"

"Hapa pia ni pa watu. Nakaa kwa idhini, kama kule. Muhogo napanda, mnazi sipandi. Hilo silo."

"Basi ni nini, Bwana Nassoro?"

Alichukua kipande cha muhogo, akakitazama, akakirudisha sahanini. "Hapa hakuna aliyenisikia nikisoma."

Nilitaka kumwambia kwamba alisoma vizuri, kwamba katika darasa zima hakuna aliyepata kusoma mstari ule bila kusita kama yeye. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Nikafikiri kwamba hayo nayo ni sifa ya mwandiko, nikayameza. Tukala. Nilingoja. Nusu saa nzima nilikuwa nikingoja aniulize kitu, lolote, na naamini alijua kwamba ninangoja.

Mwishowe akasema, "Yule Mwingereza. Yeye mwenyewe alikuwa na shamba?"

Nilifurahi hata nikamwaga chai. "Sijui," nikasema. "Nitatafuta katika vitabu, wiki ijayo nita—"

"Ukijua, Mwalimu, usije kuniambia," akasema kwa upole. "Njia ni ndefu."

Akanisindikiza hadi njia panda, kama inavyotakiwa kwa mgeni. Akasimama nami juani mpaka lori lilipofika, akanipa mkono, kisha akarudi kwenye jembe lake.